Masale Tuliyoyang'oa

Safari yangu ya kwenda Moshi ilinichukua siku tatu, na nusu ya muda huo niliutumia kungoja. Kutoka Kilifi nilipanda basi hadi Mombasa, nikiwa na sanduku la bati na cheti cha kidato cha nne nilichokificha ndani ya shati. Mombasa nikashika treni hadi Voi. Voi nikashinda kwenye benchi la stesheni nikiingojea treni ya Taveta, ambayo ilipokuja ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta kitu alichokiangusha njiani. Vumbi jekundu liliingia madirishani likatufanya abiria wote tufanane. Sikuwa na ninakokwenda hasa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nilikwisha kuwa karani wa korosho, mpimaji wa mbao na muuza magazeti, na kila kazi niliiacha siku nilipoanza kuizoea. Sasa nimepita arobaini na tabia hiyo bado ninayo.

Taveta, ofisa wa mpakani alitazama kitambulisho changu, akapiga miayo, akanirudishia. Siku hizo reli ilikuwa moja, posta moja, na mtu wa Kilifi kwenda Moshi halikuwa jambo la kumtoa ofisa kitini.

Behewani mbele yangu alikaa mama wa makamo aliyetoka kumtazama mwanawe Voi. Alinihoji kama mtu anayenunua ng'ombe: umri wangu, dini yangu, kama nakunywa, kama nimeoa. Kisha akanieleza shida yake. Kijijini kwao, mlimani juu ya Kiboriloni, yeye na wanawake wenzake walikuwa wameanzisha shule ya watoto wadogo katika chumba nyuma ya kanisa. Watoto wao walikuwa wakiingia darasa la kwanza wakijua Kichagga tu, wanakaa kimya mwaka mzima, na kimya chao kinawaletea viboko. Alitaka mtu mwenye Kiswahili cha kuzaliwa nacho.

"Wewe unakimwaga tu," aliniambia. "Njoo ukimwage kwetu."

Niliteremka naye Moshi. Sikuwa na sababu ya kukataa, na kwangu hilo lilitosha.

Mwanzoni kitu pekee nilichokiogopa ni baridi. Asubuhi ukungu ulishuka kati ya migomba hadi nisiuone mlango wa kanisa, na watoto walitokea ndani yake wawili wawili, miguu peku, wakiniamkia shikamoo kwa sauti ya kuimba. Walikuwa thelathini na wachache, wa miaka minne hadi saba. Sikuwa na vitabu, na chaki ilikuwa ya kuvunja vipande vipande. Basi tukafundishana kwa mikono. Tulifinyanga ng'ombe kwa udongo wa kando ya mfongo, ule mfereji wa maji ulioshuka kutoka msituni kupitia vihamba vyote, yale mashamba ya migomba ya kila nyumba, na kila kiungo cha ng'ombe tukakitaja kwa Kiswahili hadi kwenye kwato. Tulisokota kamba kwa magome makavu ya mgomba. Seremala mmoja Singasinga mjini Moshi alinipa vipande vya mbao na kioo cha kukuzia kilichopasuka ukingoni, na kwa kioo hicho tulichoma jani kavu kwa jua, tukamtazama siafu hadi akaonekana kama mnyama wa kufukuza watu. Siku nyingine nilitoka nao. Tuliufuata mfongo kwa nusu siku hadi mahali ulipoanzia mtoni. Tuliteremka mjini kutazama treni, na njia nzima ya kurudi walibishana kama injini inakunywa maji au inayala.

Yule mama aliyenileta ndiye aliyekuwa mkuu wa shule. Nilikaa katika banda la uani kwake, na yeye na mumewe, aliyefanya kazi kwenye shamba la miwa kule chini na kurudi mwisho wa wiki, walinichukua kama mdogo wao. Jirani wa kwanza kunitembelea alikuwa balozi wa nyumba kumi, mwanamume mwembamba asiyeachana na daftari lake. Tulikunywa mbege, pombe yao ya ndizi, kwa kata moja, naye akanieleza kuwa kila mgeni lazima aandikwe, lakini hakuniandika siku ile.

Mwaka wa pili mpaka ukafungwa.

Tulisikia redioni kwa yule mama, sote tumesimama. Jumuiya ilikuwa imevunjika, magari yalikuwa yamezuiliwa huku na huku, na watu waliokuwa upande usio wao hawakujua wahesabiwe kama nini. Wiki ileile ulifanyika mkutano wa kijiji. Katibu kata alisema kwamba mtu yeyote kutoka nchi jirani asiye na kibali ajitokeze, na kwamba atakayemficha atajibu pamoja naye. Alisema bila ukali, kama anayetangaza siku ya kunyunyizia kahawa dawa. Yule mama alikuwa amekaa mstari wa pili. Hakugeuka kunitazama hata mara moja.

Asubuhi yake balozi alikuja na daftari. Kabla sijafungua kinywa, mama alisema, "Andika Tanga." Balozi alinitazama, akamtazama mama, akaandika. Alipoondoka, mama alinieleza mambo kwa ufupi, huku akipepeta maharage. Nikijitokeza, nitapelekwa mahabusu Moshi, na huko hakuna ajuaye watu wanakaa siku ngapi. Nikibaki na ikajulikana, yeye na mumewe wataitwa, na shule itafungwa, maana wapo wanaompinga vikaoni, ambao hawakuipenda tangu mwanzo.

"Basi niondoke," nilisema.

"Ukiondoka wiki hii, wote watajua kwa nini," alijibu. "Kaa. Wewe ni mtu wa Tanga. Fundisha."

Tangu siku hiyo nilifundisha kwa masikio mawili, moja darasani na moja njiani. Gari lolote lililopanda mlima lilinikatiza katikati ya somo. Niliacha safari za mjini. Mgeni akinisalimu sokoni Kiboriloni, nilijibu kwa maneno machache iwezekanavyo, mimi niliyeletwa huko kwa ajili ya maneno. Watoto waliona. Msichana mmoja wa miaka sita, mwenye jicho kali na pua isiyokauka, aliniuliza kwa nini siku hizi natazama mlango wakati naimba. Nilimwambia naangalia mbuzi.

Kusema kweli mbuzi walikuwepo, na wao ndio walioniponza. Tulikuwa tumepanda maharage katika makopo na kuyahamishia kitaluni nyuma ya darasa ili watoto wapime kila wiki yamerefuka kiasi gani. Mbuzi waliingia wakayamaliza kwa asubuhi moja. Watoto walilia. Mimi nikasema tutajenga ua wa miti hai, na hapohapo tutajifunza kuhusu mizizi. Nilifurahi kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Mmea niliouchagua ulikuwa umejaa kila mahali kule mlimani, wenye majani marefu ya kijani yaliyochongoka, nami nilijua unaitwa isale na kwamba haufi hata ukiutupa. Mita mia hivi chini ya shule, kati ya vihamba viwili, palikuwa na mstari wa masale machanga, yenye urefu wa goti la mtoto, rahisi kung'oa. Ilikuwa siku ya soko, watu wazima wameshuka Kiboriloni. Niliwapanga watoto wakubwa kwenye mstari, kila mmoja na isale lake, na wadogo wakashika makopo. Kwanza tulilaza kamba yetu ya mgomba na kupiga fundo mbele ya kila mmea, ili tukapande shuleni kwa nafasi ileile. Somo la kuhesabu ndani ya somo la mizizi. Nilijiona hodari.

Yule msichana wa jicho kali hakuinama. Alisema babu yake atachukia. Kihamba kimoja kilikuwa cha babu yake, hilo nililijua, nikadhani ni uchoyo wa mtoto kwa vitu vya kwao. Nilimwambia babu ana masale mengi. Akaling'oa, taratibu, huku akinitazama. Yalikuwa kumi na manane. Tuliyapanda kuzunguka kitalu na kuyamwagilia kwa makopo, tukapiga makofi.

Mama alirudi kutoka sokoni na furushi kichwani. Aliuona ule ua, akasimama. Hakulitua furushi.

"Umeyatoa wapi?"

Nilimwonyesha. Akaketi chini palepale, kwenye nyasi zilizolowa.

Ndipo nikajua. Isale huko ndilo jiwe la mpaka, na zaidi ya jiwe. Mstari ule ulikuwa mchanga kwa sababu ulipandwa mwaka juzi, baada ya kesi ndefu kati ya yule babu na mjane wa mdogo wake, ndugu waliofikia kutosalimiana kanisani. Wazee walikuwa wamekaa vikao vingi kabla ya kuyapanda masale yale, na pande zote mbili zilikula kiapo. Mimi na watoto thelathini tulikuwa tumekifuta kiapo kabla ya saa sita mchana.

"Mtu wa mlimani hawezi kufanya hivi hata akilewa," mama alisema. "Sasa watauliza wewe ni mtu wa wapi. Na safari hii wataulizia kikaoni."

Kikao kiliwekwa Jumapili baada ya ibada. Zilibaki siku nne. Babu hakuja kunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisimama tu kwenye lile pengo, mikono nyuma, na upande wa pili mjane alisimama kwenye pengo lilelile, kila mmoja akimlinda mwenzake asiingie.

Siku ya pili nilijaribu kukimbia. Nilimwachia mama barua fupi, nikashuka Kiboriloni na mfuko mdogo, nikitaka kupata gari la Himo na kutoka huko hadi Tarakea, ambako nilisikia watu wanavuka mpaka na ndizi na kurudi na sabuni. Penye magari walisimama mgambo wawili, wanauliza kila abiria anakotoka. Nilijificha nyuma ya wauza viatu vya matairi nikawatazama kwa muda wa saa nzima. Kisha nikapanda mlima kurudi. Ningependa kuandika kwamba nilirudi kwa sababu ya watoto, au kwa sababu ya yule mama. Nilirudi kwa sababu mgambo walikuwa chini na yeye alikuwa juu. Barua nilimkuta ameshaisoma. Aliitia jikoni chini ya sufuria na kunipakulia chakula.

Balozi ndiye aliyesema nifanye nini. Kule, mtu aliyekosa huchukua jani la isale na kumpelekea aliyemkosea, kwa mkono wa mtu wa kati, na anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Akikataa, kosa linamhamia. Balozi alikubali kuwa mtu wa kati. Nilishangaa, maana hakuwa mtu wa kujitolea.

Jumapili walikuja watu wengi kuliko ibadani. Katibu kata naye alikuja, akakaa pembeni kwenye kiti alicholetewa. Balozi alitangulia na majani mawili, moja la babu na moja la mjane, mimi nyuma yake nimeinamisha kichwa. Babu alilishika jani muda mrefu. Kisha akasema amepokea, lakini jani halipandi mpaka. Masale yarudi yalipokuwa.

Hapo kamba ya watoto ilifaa, maana nafasi kati ya mche na mche ilikuwa imeandikwa kwa mafundo. Lakini haikusema mstari ulianzia wapi. Babu alisimama mahali akasema ulianzia hapo. Mjane akasema hapana, ni hatua moja kule, na katika hatua hiyo moja ulisimama mbuni, mti wa kahawa uliozaa vizuri. Sauti zikaanza kupanda. Mtu akamwuliza mjane kama mbuni huo ataukumbatia kitandani. Mjane akamjibu kwamba angalau mbuni haukoromi. Watu walicheka, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu babu aligeuka kwangu.

"Mwalimu. Wewe ndiye uliyeng'oa. Ulianzia wapi?"

Sikukumbuka. Nilikumbuka furaha yangu tu, na furaha haina hatua. Nikajua kwamba jibu lolote nitakalotoa litanipatia adui, na adui mmoja angetosha kunimaliza mimi na aliyenificha.

Yule msichana alitoka kwa wenzake. Alipita kati ya miguu ya wazee, akafika karibu na mbuni, upande aliousema mjane, akaweka kisigino chake chini.

"Hapa, Babu. Langu lilikuwa la kwanza. Mimi ndiye niliyeling'oa."

Nilimwogopea kuliko nilivyojiogopea mwenyewe. Babu alimtazama mjukuu wake, akatazama jani lililokuwa bado mkononi mwake. Mbuni ulikuwa umemtoka. Alivuta pumzi, akamwambia mtoto afute pua, akaagiza jembe.

Watoto waliyarudisha masale yote kumi na manane kwa mikono yao, wakihesabu kwa Kiswahili kwa sauti, na wazee waliwafuata nyuma wakikanyaga udongo. Nilidhani nimepona. Ndipo katibu kata alipoinuka kwenye kiti chake na kuja kunipa mkono.

"Watoto wanahesabu vizuri, Ndugu Mwalimu. Daftari linasema Tanga. Tanga sehemu gani?"

"Pangani," nilisema. Ndilo jina lililonijia.

"Vizuri sana. Pangani nina mwenzangu niliyesoma naye, yuko ofisi ya wilaya. Nitamwandikia. Atafurahi kupata habari za mtu wa kwao."

Alisema akitabasamu. Mpaka leo sijui kama tabasamu lile lilikuwa na kitu ndani yake.

Balozi alinifuata hadi bandani. Alifunga mlango, akakaa juu ya sanduku langu. Alinikumbusha kwamba ile siku ya kwanza, tukinywa mbege, mimi mwenyewe nilimsimulia treni ya Taveta na yule ofisa aliyepiga miayo. Alijua tangu mwanzo. Alijua alipoandika Tanga.

"Jani la isale limemaliza habari ya mpaka," alisema. "Hili jingine halina jani. Mwandiko ni wangu, Mwalimu. Nina watoto watano, wawili wako kwako."

Siku zote hizo nilikuwa nimemwogopa yeye, kumbe naye alikuwa akilala na woga uleule. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Barua kwenda Pangani na kurudi, kwa posta ya siku hizo, ni wiki tatu. Jibu likija na mimi nipo, mama ataitwa, yeye ataitwa, na chumba nyuma ya kanisa kitatiwa kufuli. Jibu likija nami sipo, watasema mwalimu aliondoka, walimu huondoka.

Tuliamua wiki mbili. Hazikuwa wiki za kufundisha. Nilikaa na watoto nikisuka vikapu vidogo vya magome, nikawaacha waongee, na niligundua kwamba wanaongea bila kunihitaji. Walinitania kwa Kiswahili. Walidanganyana kwa Kiswahili. Yule msichana alikuwa akimfundisha mwenzake wa miaka minne sehemu za ng'ombe, na alikosea moja tu, nami sikumsahihisha. Hatukuwaambia kitu. Mama aliona kwamba mtoto akiambiwa siri, atakwenda nayo nyumbani.

Siku ya kuondoka ilikuwa siku ya soko la Tarakea. Gari moja la kubeba ndizi lilipanda kijijini alfajiri na wanawake wa biashara, na mmoja wao, binamu ya mama, alikubali nipande kama kuli wake. Balozi alisema hatakuja kuaga, na atakaa kwake hadi mchana, ili akiulizwa aape kwamba hakuniona. Mama alinisindikiza hadi barabarani. Sanduku niliacha, nilichukua mkungu wa ndizi begani. Nilitaka kumshukuru. Alinikatiza, akaniambia nisiongee sana njiani, lafudhi yangu ni kitambulisho tosha. Kisha akasema watoto wanafika saa mbili na lazima akafungue mlango, akaanza kupanda.

Gari lilikataa kuwaka mara ya kwanza na ya pili. Nilikuwa nimekaa nyuma juu ya mikungu, nikimtazama akipanda kijia. Ndipo nikamwona balozi anateremka, yeye aliyeapa kukaa nyumbani, daftari mkononi, anakwenda mbio kiasi cha kuteleza. Walikutana karibu na kona ya kanisa. Hawakusalimiana. Balozi alifungua daftari akamwonyesha kitu katikati ya ukurasa, na mama akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nilipiga bodi kwa kiganja, dereva angoje. Binamu yake alinishika mkono, akaukandamiza kwenye ndizi, akaninong'oneza nitulie, mgambo wa kwanza wako pale darajani. Injini ikawaka. Gari likaanza kuteremka, na migomba ikafunga njia kati yangu na wao kabla sijaona kama mama alikwenda kufungua mlango au alirudi nyumbani. Mpaka leo sijui ukurasa ule ulisema nini, ila nadhani jibu la Pangani lilikuwa limewahi.

Tulifika Tarakea mchana. Nilivuka nikiwa na mkungu begani, kati ya wanawake sita, na hakuna aliyeniuliza neno.